Kadi ya kumuaga anayestaafu: uandike nini?

Kadi imefika mezani kwako. Ndani yake wenzako kumi na wawili wameshaandika, na mtu amesimama mlangoni anaisubiri aipeleke chumba cha pili. Kesho saa nane mchana mwenzenu anaagwa. Umefanya naye kazi miaka tisa. Unashika kalamu, unafikiri kidogo, unaandika: “Nakutakia maisha mema ya kustaafu.” Unasaini, unarudi kwenye kazi yako.

Na sisi tumewahi kufanya hivyo. Tulipomuaga mlinzi wetu wa usiku tulimpa kadi nzuri yenye maua. Ndani mlikuwa na majina tisa na sentensi moja iliyorudiwa mara tisa. Hakuna aliyeandika kuhusu usiku ule wa mvua za masika, maji yalipoingia ndani, naye peke yake akapandisha vifaa vyetu juu ya meza kimoja kimoja mpaka alfajiri. Kila mmoja wetu alilijua jambo hilo. Miezi baadaye alikuja kutusalimia, mmoja wetu akamkumbushia. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe mliona?”

Kwa sababu ya swali hilo tumeandika makala haya. Ni kwa ajili ya wasikilizaji wetu wa Michenga, Ifakara na bonde zima la Kilombero: walimu, wauguzi, watumishi wa kata na vijiji, wafanyakazi wa mashambani, viwandani na relini, na yeyote atakayewekewa kadi mezani akaambiwa andika chochote.

Kwa ufupi

- Taja kitu kimoja ulichomwona akikifanya. Kimoja kinatosha.
- Andika “wewe ni”, usiandike “ulikuwa”. Anastaafu, hajafa.
- Usitaje mafao, umri wala maradhi.
- Mwite jina lile ulilozoea kumwita kazini.
- Sentensi tatu zinatosha.
- Andika jina lako lisomeke. Saini peke yake haitoshi.

Kadi inafanya kazi gani?

Kwetu kumuaga mtu kuna taratibu zake, na kadi ni jambo dogo ndani yake. Kuna risala ya wafanyakazi, kuna chakula, kuna ndugu na majirani, kuna khanga anazovishwa mstaafu mpaka uso hauonekani. Kuna zawadi: godoro, mabati, saruji, baiskeli, mbuzi. Mtu anaweza kuuliza, kadi ya nini tena?

Tofauti ni hii. Risala ni sauti ya wote kwa pamoja. Inataja mwaka aliozaliwa, shule alizosoma, vituo alivyofanyia kazi na vyeo alivyopanda. Haiwezi kusema yale mliyoyajua wawili tu. Khanga ina maneno yake, lakini yalichapwa kiwandani kwa ajili ya watu wote. Zawadi itatumika: saruji itaingia ukutani, mbuzi atazaa au ataliwa. Kadi ndiyo mahali pekee ambapo kila mtu anamwambia mstaafu neno lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Na kwa kawaida inahifadhiwa pamoja na vyeti na barua ya ajira.

Tukumbuke pia urefu wa safari yenyewe. Kwa watumishi wengi wa umma nchini, sheria inaruhusu kustaafu kwa hiari mtu akifika miaka 55, na inamlazimu kustaafu akifika 60. Aliyestaafu mwaka 2025 akiwa na miaka 60 alizaliwa mwaka 1965. Kama alianza kazi akiwa na miaka 25, ilikuwa mwaka 1990. Wakati huo kwenda Ulanga ni kuvuka Mto Kilombero kwa pantoni au mtumbwi, kwani daraja lilifunguliwa mwaka 2018. Simu za mkononi hazikuwepo. Miaka 35 ya mtu ni mikubwa mno kuijibu kwa “maisha mema”.

Kanuni moja: sema ulichokiona

Maneno kama “mchapakazi”, “mpenda watu” na “mcheshi” si mabaya. Shida ni kwamba yanamfaa kila mtu, kwa hiyo hayamgusi yeyote. Ukiandika “wewe ni mchapakazi”, mstaafu anasoma na kupita. Ukiandika “siku zote nilikukuta umeshafungua madirisha na kufagia kabla ya kengele”, anasimama hapo. Anajua kuna mtu alikuwa anamtazama.

Kabla ya kuandika, jiulize maswali matatu haya:

1. Ni siku gani alinisaidia, hata kwa jambo dogo?
2. Ni kitu gani ninachofanya leo kwa sababu yeye alinifundisha?
3. Asipokuwepo Jumatatu, ni kitu gani kitakwama?

Ukipata jibu la swali moja tu, umepata cha kuandika. Usitafute tukio kubwa. Kukugawia chai siku mshahara ulipochelewa ni tukio. Kukuonyesha namna ya kujaza rejista ni tukio.

Wasikilizaji wa siku nyingi mnazikumbuka kadi za salamu. Ulikuwa unainunua, unaijaza jina lako na majina ya watu unaowasalimu, na chini kabisa ujumbe, kisha inapelekwa redioni. Nafasi ya ujumbe ilikuwa ndogo, ukaizoea. Kadi ya kuagana nayo ni hivyohivyo: sentensi ya kwanza unamsalimu na kumtaja, ya pili unasema ulichokiona, ya tatu unamshukuru au kumtakia heri.

Na methali? Inafaa, mradi isije peke yake. “Chanda chema huvikwa pete” imeandikwa kwenye kadi nyingi mno. Kama unaipenda, iandike, kisha useme chanda hicho kilifanya nini.

Angalia, usiandike kama msibani

Hili ndilo kosa linalotokea mara nyingi, na linatokea kwa nia njema. Maneno mengi tunayoyajua ya kuagana tumeyasikia kwenye mazishi. Kalamu ikishikwa kwa haraka, ndiyo yanayokuja kwanza. Yaepuke haya:

- “Pumzika kwa amani.” Hili ni la marehemu.
- “Umetutoka”, “umetuacha”, “umetangulia”.
- “Buriani.” Magazeti yetu hulitumia sana kwa waliofariki.
- “Pengo lako halitazibika.”
- “Ulikuwa mtu mwema.” Na sasa je?

Dawa yake ni rahisi: tumia wakati uliopo. “Wewe ni mtu mwema.” “Bado tunakuhitaji kwa ushauri.” Badala ya pengo lisilozibika, andika: “Tutahangaika kidogo bila wewe, lakini umetufundisha vizuri.” Maneno hayo yanamheshimu yeye na yanawatia moyo wanaobaki.

Hata “sasa upumzike” litazame mara mbili. Katika bonde hili wengi hawastaafu kwenda kukaa. Wanakwenda kwenye mpunga, miwa, kokoa au mifugo, na kazi ya huko ni nzito kuliko ya ofisini. Mtu anayejiandaa kulima ekari nne hapendi kuambiwa amekwisha. Mtakie mvua nzuri na mavuno.

Pia, yeye *amestaafu*. Hakuachishwa wala hakuondolewa. Kama aliachia madaraka kwa hiari yake, lipo neno la heshima zaidi: *kung’atuka*. Neno hilo limetoka katika Kizanaki, na Watanzania walilizoea kupitia Mwalimu Nyerere, aliyeng’atuka urais mwaka 1985 na kurudi Butiama kulima. Kwa mwalimu mkuu au mwenyekiti aliyempisha mwingine, linapendeza sana.

Mambo ya kuacha nje ya kadi

*Pesa.* Usiandike “sasa wewe ni tajiri” wala “usitusahau mafao yakitoka”. Utani huo unaumiza kuliko unavyodhani. Mtumishi wa umma hulipwa mafao na PSSSF, na wa sekta binafsi na NSSF. Sehemu hutolewa kwa mkupuo, na inayobaki huja kama pensheni ya kila mwezi. Tangu mwaka 2018 kikokotoo cha mkupuo huo kimebadilishwa zaidi ya mara moja, na kimezua malalamiko mengi. Huenda mwenzenu anapata pungufu ya alichotarajia. Huenda bado anafuatilia nyaraka. Tena kadi hupita mikono mingi: ukitaja mamilioni, umewatangazia matapeli na wakopaji.

*Umri na mwili.* Mvi, miwani, magoti na kusinzia kwenye vikao ni utani wa mdomoni, kama mnataniana. Ukiuandika, watausoma pia watoto na wajukuu zake wasiojua utani wenu.

*Siri za kazi.* Muuguzi amesaidia watu wengi, lakini jina la mgonjwa halikai kwenye kadi. Vivyo hivyo mwanafunzi aliyekuwa na matatizo, au kesi iliyofika ofisi ya kata. Simulia tukio bila kumtaja mhusika.

*Ahadi.* “Tutakuja kukuona kila mwezi” ni neno zuri siku ya sherehe na deni zito baada yake. Kama utakwenda, sema lini: “Nakuja baada ya kuvuna.” Kama huna hakika, acha.

*Siasa na dini ya mtu.* Mungu kutajwa hakumkwazi mtu kwetu. “Mungu akujalie afya” linawafaa Wakristo na Waislamu. Aya ndefu ya kitabu cha dini iache, isipokuwa unajua dini yake na mna mazoea hayo.

Umwite nani?

Andika jina ulilozoea kumwita. Kama miaka yote alikuwa “Mwalimu”, usimgeuze “Ndugu Mstaafu” siku ya mwisho. Muuguzi ni “Sista” au “Dada”, afisa ugani ni “Bwana Shamba” au “Bibi Shamba”, mpishi wa shule ni “Mama” na jina la mtoto wake. Kijana anayemwandikia mkubwa wake aanze na “Shikamoo”, kama angekutana naye njiani.

Kumbuka pia kwamba cheo kinabaki. Aliyekuwa mwalimu anabaki Mwalimu mtaani mpaka mwisho. Ukiliandika hivyo, umemhakikishia kwamba kilichokwisha ni ajira tu, na heshima yake ipo palepale.

Mifano ya kuanzia

Mifano hii ni ya kukuonyesha njia. Usiinakili. Weka tukio lako mwenyewe.

Kwa mwalimu:
“Mwalimu, shikamoo. Nilipofika hapa sijui hata pa kupanga, ulinipa chumba kwako mwezi mzima na hukunidai kitu. Darasa lako la kwanza nimelichukua mimi, na nyimbo zako za kuhesabu bado tunaziimba.”

Kwa muuguzi:
“Sista, usiku ule umeme ulipokatika na mama yuko kwenye uchungu, ulinishikisha tochi ukaniambia, ‘Tulia, tunaweza.’ Mpaka leo nikiogopa naisikia sauti hiyo. Asante.”

Kwa bwana shamba, kutoka kwa wakulima:
“Bwana Shamba, barabara ilipokatika ulikuja kwa baiskeli, ukavua viatu ukaingia nasi majarubani. Leo tunapanda mpunga kwa mistari kwa sababu yako. Karibu mavunoni.”

Kwa mpishi wa shule:
“Mama, siku kuni zote zilipolowa, uji ulichelewa nusu saa tu. Hatukuwahi kukuuliza kuni kavu ulizipata wapi. Leo tunauliza, na tunashukuru.”

Kwa fundi wa kiwandani au relini:
“Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha kuisikiliza mashine kabla ya kuishika. Vidole vyangu kumi vipo vyote. Mungu akubariki.”

Kwa mkuu wa kazi:
“Mkuu, nilipokosea hesabu za mwezi hukunisema mbele ya watu. Uliniita ndani, ukafunga mlango, tukarudia pamoja. Sasa na mimi nina watu chini yangu, na mlango naufunga vilevile.”

Kwa mtu uliyemjua kidogo tu:
“Mimi ni mgeni, nina miezi mitatu hapa. Kila nikikwama naambiwa, ‘Kamuulize mzee.’ Nimekuuliza mara mbili, na mara zote mbili ulinijibu bila kunicheka. Asante.”

Kwa mtu mliyekuwa hamwelewani:
“Mwenzangu, mengi hatukukubaliana, wewe unajua na mimi najua. Lakini sikukuona umechelewa kazini, wala umegusa kisicho chako. Kwa hilo nakuheshimu. Kila la heri.”

Huu wa mwisho ni mgumu kuliko yote. Usidanganye kwa sifa ambazo wote wawili mnajua si kweli. Tafuta jambo moja la haki, liandike, uishie hapo. Wakati mwingine mstari mmoja wa kweli humaliza ugomvi wa miaka. Ikiwa hakuna hata hilo, “Kila la heri” na jina lako linatosha. Kadi si mahali pa kulipiza wala pa kuomba radhi kwa jambo kubwa. Kwa hilo mfuate nyumbani.

Kwa anayestaafu kwa sababu ya ugonjwa, usiandike “upone haraka urudi” kama mnajua harudi. Mwambie alichofanya alipokuwa na nguvu zake, na kwamba anaendelea kuwa mwenzenu.

Namna ya kuipitisha kadi

Maneno mazuri yanahitaji muda. Kadi ikizungushwa asubuhi ya sherehe, itajaa “maisha mema” tena.

- *Anzeni wiki moja kabla.* Mtu mmoja aishike, awe na orodha ya majina. Siku mbili kabla ya kumfikia mtu, amwambie: “Kadi inakuja, fikiria jambo moja.”
- *Orodha iwe ya wote.* Mlinzi, mfagiaji, dereva, mpishi na kibarua wamefanya kazi na mstaafu kama wewe. Mara nyingi wao ndio waliomwona zaidi, kwa kuwa wanafika mapema na kuondoka mwisho. Na zamu yao ya kustaafu ikifika, nao wapate kadi.
- *Asiyejua kuandika naye ana la kusema.* Kaa naye, umwandikie maneno kama anavyoyasema, usiyapambe. Mwisho uweke jina lake.
- *Waliohama.* Waombe watume ujumbe kwa simu, kisha uunakili kwenye kadi kwa mkono. Ujumbe wa kwenye kundi la simu utafutika siku simu ikiharibika.
- *Kadi ikikosekana dukani,* kunja karatasi ya manila. Yanayosomwa ni maneno.
- *Kama mstaafu haoni vizuri au hasomi,* mtu wa karibu amsomee polepole nyumbani, au kila mmoja arekodi sauti yake kwenye simu ya mtoto wake. Kadi ya karatasi apewe hata hivyo.
- *MC asiisome kadi hadharani* bila ruhusa ya walioandika. Risala ni ya watu wote, lakini kadi ni ya mstaafu.
- *Iwekeni kwenye mfuko wa nailoni.* Mvua na mchwa wa bonde hili mnawajua.

Kama alishaondoka

Labda unasoma haya na mtu wako alishastaafu mwaka jana, na ulimwandikia neno moja tu, au hukuandika kabisa. Hujachelewa. Miezi ya kwanza ndiyo migumu zaidi kwa mstaafu wengi: asubuhi anaamka saa ileile, anavaa, kisha anakumbuka hakuna anayemsubiri. Simu zinapungua. Hapo ndipo mtu anapojiuliza kama miaka yake ilionekana na yeyote. Ujumbe mfupi unaofika wakati huo una thamani kuliko ule wa siku ya sherehe, kwa sababu hakuna aliyekulazimisha kuutuma.

Sisi tulimwandikia mlinzi wetu kadi ya pili. Safari hii hatukununua yenye maua. Tulichukua karatasi ya kawaida, kila mtu akaandika jambo moja. Mmoja aliandika kuhusu usiku wa mafuriko. Mwingine aliandika kwamba kila alipotoka zamu ya usiku, mzee alimsindikiza kwa tochi mpaka barabarani, na hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa anaogopa giza.

Tulimpelekea nyumbani. Safari hii hakuisoma mbele yetu. Aliikunja, akaiweka mfukoni, akatukaribisha chai.